Jinsi ya kutoa albamu ya vichekesho vya redioni vilivyobaki kwenye kaseti za watu

Huku Mwanza na kanda ya ziwa kwa ujumla kuna vikundi vya vichekesho ambavyo enzi redio binafsi zinaanza kuchanganya, yani baada ya ile sheria ya utangazaji ya 1993 kuruhusu watu binafsi nao wafungue stesheni, vilikuwa vinaingia studio jioni bila skripti wala mazoezi, mtangazaji anawatupia mada palepale, "haya leo mgambo kamkamata mama wa dagaa", taa nyekundu ikiwaka ndo imeanza hivyo, hakuna kurudia. Kipindi kikiisha kimeisha. Leo wengi wao ni wazee, wengine wametangulia, na ukiwauliza kama wana rekodi wanacheka tu, maana nani alikuwa anawaza hayo.

Sasa kama we ni mmoja wao, au mtoto wao, au umekalia boksi la kaseti pale Kirumba na unataka itoke albamu ya maana, maelezo ndo haya. Ni marefu kidogo.

Kabla hujagusa chochote weka hii kichwani: hifadhi na albamu ni vitu viwili tofauti. Hifadhi inabeba kila kitu, mpaka kikohozi, mpaka tangazo la sabuni, mpaka siku ambayo hawakuchekesha kabisa. Albamu inabeba kidogo sana, vile vilivyo bora. Wanaoharibu hii kazi karibu wote ni wale wanaoanza na albamu, anakata kipande anachokipenda, anakisafisha, alafu kile kirefu anakifuta maana kimejaza kompyuta. Kuna jamaa wanne Wamarekani wanaitwa The Firesign Theatre, walikuwa na kipindi cha namna hiyohiyo kwenye redio ya KPFK ya Los Angeles kuanzia Septemba 1970 mpaka Februari 1971, mwaka 1972 wakachagua vipande wakatoa albamu ya sahani mbili, Dear Friends. Watu wakaishi na hiyo miaka na miaka. Alafu 2010 ndo yakatoka masaa zaidi ya 80 ya redio yao ya kipindi kile, yamewekwa kwenye DVD ndani ya kitabu. Hayo masaa yasingekuwepo kama mtu angeona kazi imeisha siku albamu imetoka.

KUZITAFUTA

Usianzie redioni. Nenda kaulize kwa heshima, ndio, ila usiweke matumaini yote pale, stesheni nyingi mkanda ulikuwa hela, wakimaliza kurusha wanarekodia juu yake taarifa ya habari ya kesho. Hazina ipo kwa wasikilizaji. Watu walikuwa wanakaa na redio kaseti wanabonyeza plei na rekodi kwa pamoja kipindi kikianza, ndo maana rekodi nyingi zinaanza sentensi imeshafika katikati.

Kwahiyo zunguka kwa vinyozi wa zamani, mafundi redio wa Makoroboi na Igoma, wale waliokuwa na vibanda vya kudurufu kaseti, madereva wa malori ya mbali, wavuvi waliokuwa wanakaa kambini visiwani (Ukerewe, Kome, huko redio ndo ilikuwa kila kitu usiku). Na uombe kipindi cha redio cha sasa wakutangazie, dakika moja tu, wazee bado wanasikiliza redio kuliko wanavyoangalia simu.

Ukifika kwa mzee usianze na kaseti. Shikamoo, habari za afya, mvua, mpira, maji yakishanywewa ndo unaingia.

"Mzee, nasikia ulikuwa unarekodi kile kipindi cha jioni."

"Nilikuwa narekodi mwanangu. Ila ile kaseti siwezi kukupa, upande wa pili kuna harusi ya mdogo wangu."

Hapo sasa ndo penyewe. Mwambie hiyo harusi utamwekea kwenye flashi, asikilize kwenye sabufa, na kaseti yake inarudi. Na uifanye kweli, tena hiyo harusi iwe ya kwanza kabla hata hujagusa kichekesho, ukirudi na flashi wiki hiyohiyo habari inasambaa mtaani na wenye kaseti wengine wanakutafuta wenyewe. Kwaya, harusi, barua za sauti kutoka kwa mtoto aliyekuwa Nairobi, vyote utakutana navyo upande B na vyote vina mwenyewe. Ya familia yanarudi kwa familia, kwenye hifadhi yako hayaingii mpaka wakubali.

Kila kaseti unayopokea andika namba kwa penseli kwenye karatasi ndogo, ifunge na raba bendi na boksi lake, piga picha pande zote mbili na yale maandishi ya kalamu ya juu hata kama yanasema "BONGO FLEVA USIFUTE". Daftari liwe na jina la mwenyewe na siku aliyokupa. Alafu vunja vile vipembe viwili vidogo vya plastiki vya juu, kama bado vipo, ili hata ukibonyeza rekodi kwa bahati mbaya isikubali. Muombe mwenyewe ruhusa kwanza, ni kaseti yake.

KUIANDAA KASETI NA MASHINE

Ziwa linatupa hewa nzuri ila kwa mikanda ni adui. Kaseti iliyokaa kwenye stoo ya Igogo au Capripoint miaka ishirini inaweza kuwa na ukungu, angalia kupitia kile kidirisha, ukiona unga mweupe kwenye kingo za mkanda usiicheze. Itenge na wenzake, iweke sehemu kavu yenye hewa, na ukija kuisafisha vaa barakoa, huo ukungu ukiuvuta kifuani haufai. Zile paketi ndogo za chengachenga zinazokuja kwenye viatu zinasaidia kwenye boksi la kutunzia, ila zikishashiba unyevu hazifanyi kitu tena.

Kaseti zinazofungwa kwa skurubu ni rahisi, unafungua. Zile zilizogandishwa kwa gundi unazipasua taratibu kwenye mshono na kuhamishia mkanda kwenye ganda la kaseti nyingine. Kazi ya mara kwa mara ni kile kisponji kidogo kinachosukumia mkanda kwenye hedi (kile kichuma kinachosoma mkanda), kimedondoka, sauti inasikika ya mbali na inapotea potea, watu wanadhani mkanda umekufa kumbe ni kisponji. Hamishia mkanda kwenye ganda lingine lenye kisponji kizima, mambo yanakaa sawa. Mkanda ukiwa umekatika usitumie selotepu ya dukani hata siku moja, gundi yake inatoka pembeni inashikana na mzunguko wa juu yake na kuchafua hedi, tafuta ile tepu maalum ya kuungia mikanda, agiza tu, haimalizi hela.

Kabla ya kuicheza ipeleke mbele mpaka mwisho alafu uirudishe mpaka mwanzo, ilegee, maana imekaa imekazana upande mmoja miaka. Kama deki yako, yani mashine ya kuchezea kaseti, ni dhaifu fanya kwa kalamu ya Bic, unaichomeka kwenye tundu la kaseti unazungusha. Zile za dakika 120 zina mkanda mwembamba sana, hizo hasa zinaliwa na mashine, zishughulikie mwishoni ukishaizoea mashine.

Mashine yenyewe: tafuta deki ya ukweli, ile kubwa ya kukaa chini ya amplifaya, hata ya mtumba, ifungwe mpira mpya. Vile vikaseti pleya vidogo vya USB vinavyouzwa mtandaoni achana navyo, spidi inayumba. Safisha hedi kwa pamba ya vijiti na ile spiriti ya kusafishia bodi wanayotumia mafundi simu, isiwe ile ya hospitali ya kupaka ngozi maana baadhi zina mafuta ndani. Roli la mpira lisafishe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo.

Alafu kuna hii ambayo wengi hawaijui. Pembeni ya hedi kuna skurubu ndogo ya kuweka pembe ya hedi. Kila redio kaseti ya nyumbani ilirekodi na pembe yake, kwahiyo kaseti ya mzee wa Buzuruga na ya mama wa Nyegezi hazitasikika sawa kwenye deki moja. Vaa hedfoni, zungusha hiyo skurubu kidogo sana, robo ya robo, mpaka zile "s" na "sh" zifunguke. Zikifunguka utajua, ni kama mtu ametoa mkono mdomoni. Unafanya hivyo kwa kila kaseti, tena kwa kila upande. Inachosha lakini hakuna programu ya kompyuta itakayokurudishia kitu ambacho hedi haikukisoma.

KUINGIZA KWENYE KOMPYUTA

Waya utoke kwenye laini-auti ya deki (tundu la kutolea sauti) uingie kwenye laini-ini (tundu la kuingizia) ya kompyuta au kile kiboksi cha nje cha sauti, usipitie kwenye maiki. Programu tumia Audacity, ni ya bure na inatosha. Rekodi kwa WAV, biti 24, kHz 48. Saa moja ya stereo hapo inakula kama GB 1, kwahiyo hadi diski ya TB 1 ijae umeshamaliza kaseti za wilaya nzima. Usirekodi moja kwa moja MP3, MP3 ni ya kumtumia mtu asikilize, sio ya kutunza.

Sauti ya juu kabisa kwenye kile kipimo cha sauti cha programu ifike hapo kwenye -6 dB, isiguse sifuri, maana hawa jamaa wanaongea kawaida dakika kumi alafu mmoja anapiga yowe. Anza kurekodi kabla mkanda haujaanza na uache uende mpaka mwisho, upande mzima, dakika 30 kwa kaseti ya 60 au 45 kwa ile ya 90, usisimamishe hata ukikuta kimya, maana baada ya kimya wakati mwingine kuna kipande cha kipindi kingine kilichobaki chini. Na jina la faili liwe linaeleweka, kwa mfano kaseti014_upandeA_2001-07.wav. Ukiandika "vichekesho final mpya 2" utakuja kulia.

Spidi sasa. Sauti zikiwa nzito kama za walevi au nyembamba, deki ya zamani ilikuwa inakimbia tofauti. Kuna ujanja: rekodi nyingi zina ule mvumo wa umeme chini, na umeme wetu ni 50 Hz, yani mitetemo 50 kwa sekunde. Fungua ile grafu ya masafa kwenye Audacity, ukikuta mvumo umekaa 48 ujue mkanda unaenda polepole, ongeza spidi kama asilimia 4. Ila kwanza simamisha mkanda usikilize, kama mvumo bado upo basi huo ni wa mashine yako ya leo, hauhusiki. Na kama siku hiyo umeme ulikatika wakawa kwenye jenereta (mara nyingi unalisikia kabisa kwa nyuma linatetema) usiuamini, tumia muziki wa kufungulia kipindi kama kipimo. Marekebisho yote haya unafanya kwenye kopi. Lile faili la kwanza haliguswi.

Kopi ziwe tatu, mbili kwenye diski tofauti, na moja ikae mbali na nyumbani, mpe binamu wa Shinyanga au Dar, au mtandaoni. CD za kuchoma usizitegemee. Na tafadhali usiniletee ile ya kuwekea simu mbele ya spika.

KUSIKILIZA, HAPA NDO KAZI YENYEWE

Watu wanaruka hii hatua. Kukaa na kusikiliza saa baada ya saa na daftari ndo kunatengeneza albamu, kukata ni mwisho mwisho. Vichekesho vya papo kwa papo havina skripti ya kuangalia, kwahiyo daftari lako ndo linakuwa skripti. Kwa mfano ukurasa wangu mmoja unasomeka hivi (namba ni dakika na sekunde za kwenye rekodi):

"12:40 mama wa dagaa anaingia, anadai ndoo yake. Mgambo anashindwa kujibu, anacheka, anaziba maiki na kofia. 13:05 mlango unagongwa kweli, nadhani ni fundi mitambo. Mama wa dagaa: 'Huyo ni bwana samaki, ficheni nyavu!' Wote wanakimbia kimbia studio, kiti kinaanguka. 15:30 tangazo. 17:10 wanarudi lakini imeshapoa."

Angalia hapo. Hodi ile haikupangwa, mtu kaja kufanya kazi yake, na yule mama kwa sekunde mbili kaigeuza kuwa afisa uvuvi, na kila mtu mwambao huu anajua maana ya bwana samaki kugonga wakati una nyavu ambazo hazitakiwi. Sasa kama programu yako ya kusafisha sauti imeufuta ule mlango kwa sababu ni "kelele", umefuta kichekesho. Ndo maana nasema sikiliza kwanza.

Andika nani anaongea, na hapa uwaite wenyewe. Wakalishe wawili au watatu pamoja, wape soda, cheza, na uwashe rekoda nyingine inayowarekodi wao wanavyosikiliza. Mmoja peke yake atakwambia "sikumbuki", wakiwa wawili wataanza kubishana, "hiyo sauti ya mzee kipofu ilikuwa yangu", "yako wapi, wewe siku hiyo ulikuwa Sengerema msibani", na katika ubishi huo unapata tarehe, unapata nani alikuwepo, unapata kwa nini walikuwa wanamtania mtangazaji kila akisoma saa. Huo ubishi nao ni hifadhi, uupe namba yake.

Tarehe zinapatikana kwa njia nyingi hata kama hakuna iliyoandikwa. Matangazo ya biashara katikati, bei zinazotajwa, mechi ya jana. Wakitania mambo ya kubipu na vocha ujue ni simu za mkononi zimeshaingia, wakitania foleni ya kwenda kwa Babu wa Loliondo kunywa kikombe hiyo ni 2011 haina mjadala.

KUCHAGUA

Dakika arobaini mpaka hamsini zinatosha, hata kama una masaa mia. Vichekesho vya kusikiliza tu vinachosha haraka kuliko muziki.

Wasikilizishe watu ambao hawakuwepo. Kijana wa miaka ishirini wa Nyegezi, mama muuza samaki wa Mwaloni, na mtu mmoja wa pwani kabisa ambaye Kisukuma hajui. Usiwaambie "subiri hapa ndo panachekesha". Kaa nyuma yao uandike walipocheka na walipotoa simu mfukoni. Wenyewe wa kikundi ni waamuzi wabaya, wanapenda skechi, yani kipande kimoja cha kichekesho, kwa sababu ya kilichotokea studio siku ile, na msikilizaji hakuwepo studio.

Kuna za kuachwa nje ya albamu hata kama zinachekesha, na hapa lazima mkae chini kama watu wazima. Skechi ya meli iliyozidisha abiria: MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 karibu na kufika hapa mjini na mamia wakafa, MV Nyerere ikapinduka Septemba 2018 pale Ukara. Huku kila ukoo umezika. Hata kama ilirekodiwa kwa nia njema kabisa, albamu inasikilizwa kwenye basi, kwenye kivuko chenyewe, huwezi jua nani kakaa kiti cha pembeni. Vilevile zile za kuwatania vikongwe wenye macho mekundu kuwa ni wachawi, au watu wenye ualbino. Watu wameuawa kanda hii kwa imani hizo, hiyo sio historia ya mbali. Zibaki kwenye hifadhi, mtafiti akija azikute, ila usizipakie kwenye kitu cha kuuza ukaziita burudani.

Utani wa makabila ni habari nyingine na mimi msimamo wangu ni upite, kama ni utani wa kweli wa pande mbili. Msukuma anamchamba Mhaya kwa kujisikia, Mhaya anamrudishia, huo ni mchezo na wote wapo studio. Kinachonikera ni ile skechi ambayo kabila moja linapigwa dakika nane na hakuna hata mwenzao mmoja chumbani wa kujibu, na ukisikiliza vizuri utagundua hata kuchekesha haichekeshi, wanategemea lafudhi tu.

KUKATA NA KUSAFISHA

Kata penye pumzi. Usikate katikati ya kicheko, kicheko kiache kife chenyewe. Na ujihadhari na tamaa ya kutoa sehemu "zinazoboa", kwa sababu skechi za papo kwa papo zinajengwa polepole, mgambo anauliza jina mara tatu na haichekeshi, mara ya nne ndo inaua, ukitoa zile tatu umeua ya nne. Ninachokata mimi ni mwanzo wanapotafuta mada na mwisho wanapojirudia baada ya kilele. Katikati naingia kwa woga.

Usihamishe jibu la mtu kwenda kwenye swali jingine. Ukifanya hivyo umetunga skechi mpya, na hii albamu inauzwa kwa ahadi kwamba ilitokea hivyo.

Kila studio ina kimya chake, feni, bomba, barabara kwa mbali. Kopi sekunde chache za hicho kimya ukiunge mahali ulipokata, alafu weka kifedi kifupi cha sekunde chini ya moja ya kumi, mkato hausikiki. Kwenye kupunguza kelele ya mkanda nenda dB 6 mpaka 9 basi, ukizidisha sauti za watu zinaanza kubwabwaja kama za kompyuta. Mvumo toa pale 50, 100 na 150 Hz kwa kichujio chembamba. Jenereta liache. Mwisho sawazisha ukubwa wa sauti, Audacity ina kile kipengele cha laudinesi, weka -16 LUFS hivi (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa maongezi, ili msikilizaji asiwe anashusha na kupandisha kila skechi. Na usiongeze vicheko vya kupachika. Kama kuna mtu anataka kupachika mtoe kwenye kikao.

Mpangilio: anza na fupi ambayo mtu yeyote anaielewa bila maelezo, mhusika mmoja asitokee mara mbili mfululizo, ile ndefu kuliko zote ikae katikati baada ya watu kuzizoea sauti.

NANI MWENYE HIKI KITU

Fanya hii mapema japo nimeiandika huku chini. Sheria yetu ni ile ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, ofisi ni COSOTA. Ugumu wa vichekesho vya papo kwa papo ni kwamba hakuna mtunzi mmoja, kila aliyefungua mdomo studio katunga na kaigiza palepale, kwahiyo wote wana haki, na waliofariki familia zao zinasimama badala yao. Redio iliyorusha nayo inaweza kuwa na haki kwenye ile rekodi. Aliyekupa kaseti ana kaseti, hana kichekesho, ila bila yeye usingekuwa na kitu, mshukuru kwenye jalada kama anataka jina lake litokee.

Andikeni karatasi moja ya Kiswahili cha kawaida: nani wamo, hela itagawanywaje, nani anaweza kukataa skechi isitoke. Mimi napendelea mgao sawa kwa sawa kwa kila aliyepo kwenye skechi, maana ukianza kupima nani kachekesha zaidi hamtamaliza. Wote wasaini na mashahidi, kila mtu abaki na kopi yake. Karatasi ya namna hii isipokuwepo ugomvi unakuja siku hela ya kwanza inaingia, hata kama ni elfu thelathini.

Muziki uliokuwa unapigwa chini ya maongezi ni mtego. Wimbo wa bendi fulani upo nyuma ya skechi nzima na huwezi kuutoa. Tafuta mwenye wimbo umwombe, au iache hiyo skechi.

KIJITABU NA KUTOA

Weka maelezo mafupi ya kila skechi, ukurasa mmoja au miwili, hata kama inatoka mtandaoni tu, yaende kama picha au PDF. Usieleze kichekesho, eleza dunia yake. Kijana wa leo anavuka daraja la Kigongo-Busisi kwa dakika chache tangu lilipofunguliwa Juni 2025, skechi ya mtu aliyezeeka akisubiri kivuko haimuingii kichwani mpaka umwambie watu walikuwa wanakaa foleni pale masaa. Mapanki nayo, yani yale mabaki ya sangara, kichwa na mifupa, viwandani wakishatoa minofu, mtu wa Mbeya hajui. Sentensi mbili zinatosha. Na uandike tarehe kama unaijua, majina ya waliomo, na kilichokatwa. Kama umetoa dakika nne katikati sema umetoa dakika nne.

Kutoa ni rahisi siku hizi. YouTube kwa ajili ya wengi, Boomplay na Audiomack kwa wenye kusikilizia kwenye simu, na flashi kwa ajili ya mabasi, bajaji na wazee, hizo flashi pale stendi zinakwenda kuliko unavyodhani ila bei iwe ya mtu wa kawaida. Skechi mojamoja zikatwe pia kuwa faili fupi za WhatsApp, ukizituma tumia njia ya dokumenti jina la faili lisipotee, na mwanzoni mwa kila moja sauti itaje jina la kikundi, maana zitasambaa bila jalada.

Kaseti za watu rudisha kabla ya uzinduzi, kila moja na flashi yake. Ile yenye ukungu usiirudishe kimyakimya, mwambie mwenyewe asiiweke pamoja na zingine.